Viwavijeshi: Mdudu Ajaye na Mvua

Shamba la mahindi lililochipua vizuri baada ya mvua za kwanza laweza kupotea katika muda wa siku tatu. Mkulima wa Kilosa, wa Kondoa au wa Machakos amekwisha kupalilia mara moja. Mimea imemfika magotini. Mvua za mwaka huu hazikukawia. Asubuhi moja anaona kwamba majani ya mstari wa pembeni yametobolewa. Siku ya pili anasikia mchakacho hafifu, kama wa manyunyu juu ya majani makavu, na akiinama anakuta ardhi imejaa viwavi weusi wenye mistari ya njano, wengi wao wakielekea upande mmoja. Siku ya tatu kilichobaki ni vijiti vya katikati ya majani, na viwavi wenyewe hawaonekani tena: wamehamia shamba la jirani, au wamezama ardhini.

Kutokea kwao kwa ghafla, na kutoweka kwao kwa ghafla vilevile, kumewafanya watu wa sehemu nyingi waamini kwamba viwavi hao huanguka kutoka mawinguni pamoja na mvua. Mwanafunzi aliyekwisha soma sura ya wadudu katika kitabu chake cha biolojia anajua kwamba kiwavi hutoka katika yai, na kwamba yai hutagwa na nondo; huenda akawacheka wazee wake. Asifanye haraka kucheka. Ilihitajika miongo kadhaa ya utafiti, pamoja na mitego ya taa iliyowashwa kila usiku katika nchi nyingi na hata mitambo ya rada, kabla ya wanasayansi kuweza kueleza viwavi hao wanatoka wapi. Maelezo yaliyopatikana yako karibu na maneno ya wazee kuliko mtu yeyote alivyotazamia.

Nondo asiyetazamwa

Jina la kisayansi la mdudu huyu ni Spodoptera exempta. Alielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi na Mwingereza Francis Walker katika miaka ya 1850, na katika vitabu vya zamani msomaji atamkuta kwa jina la Laphygma exempta. Ni wa familia ya Noctuidae, familia kubwa ya nondo warukao usiku. Ni mwenyeji wa Afrika kusini ya Sahara, lakini hupatikana pia Yemeni, katika sehemu za kusini-mashariki ya Asia, Australia, na hata katika visiwa vya Hawaii, ambako jina lake la kawaida limetokana na ndago, yale magugu yanayowasumbua wakulima wa kwetu pia.

Kila mkulima anamjua kiwavi, lakini ni wachache mno wanaomtambua nondo, ingawa ndiye mwenye siri yote. Ni mdudu mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hayapiti sana sentimita tatu kutoka ncha hadi ncha. Mabawa ya nyuma ni meupe na karibu yanapenyeza nuru, na mishipa yake huonekana wazi kama mistari myeusi. Jike hujulikana kwa manyoya meusi yaliyo kwenye ncha ya tumbo lake. Manyoya hayo si pambo. Akisha kutaga fungu la mayai juu ya jani la nyasi au upande wake wa chini, jike huyafunika kwa manyoya hayo, hata fungu lote likaonekana kama kipande kidogo cha sufi nyeusi.

Yai moja ni dogo kuliko kichwa cha pini, kiasi cha nusu milimita. Fungu laweza kuwa na mayai machache au mamia, na jike mmoja katika maisha yake ya siku kumi hivi aweza kutaga mpaka mayai 1,000. Baada ya siku mbili hadi tano mayai huanguliwa. Vitoto vya kwanza ni vidogo mno, hula juujuu tu ngozi ya jani na kuacha alama kama vidirisha vya kioo. Vingine hujining'iniza kwa nyuzi za hariri na kuchukuliwa na upepo hadi kwenye mimea ya jirani. Katika hatua hii hakuna mkulima anayewaona.

Kiwavi hukua kwa hatua sita, akijivua ngozi mwisho wa kila hatua, na safari yote huchukua wiki mbili hadi tatu kwa kadiri ya joto. Hapa kuna jambo ambalo mwalimu angefaa kulikazia darasani, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini mkulima hushtukizwa. Chakula anachokula kiwavi hakigawanyiki sawasawa katika hatua hizo. Sehemu iliyo kubwa sana, zaidi ya tisa kwa kumi, huliwa katika hatua mbili za mwisho, yaani katika siku chache tu. Viwavi wawili waliokomaa waweza kumaliza kabisa mche wa mahindi wa siku kumi wenye majani sita au saba. Kwa hiyo shamba linaweza kukaa na viwavi wiki nzima bila dalili ya kutisha, kisha likaisha kwa siku tatu.

Chakula chao ni nyasi na jamaa zake tu: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga, ngano, miwa michanga, malisho ya mwituni, ukoka, na ndago. Maharagwe, mihogo, viazi na pamba havimhusu. Shamba lenye mahindi na maharagwe yaliyochanganywa huachwa na maharagwe yamesimama wima katikati ya vijiti, jambo ambalo limewahi kufikiriwa kuwa ni uchawi wa mtu aliyelima maharagwe.

Akisha shiba, kiwavi hujichimbia ardhini sentimita mbili au tatu, hasa mahali penye unyevu, na huko hugeuka kuwa pupa. Siku saba hadi kumi na mbili baadaye nondo hutoka. Ardhi ikiwa kavu na ngumu kama sakafu, wengi hufa kabla ya kuweza kujichimbia.

Mdudu mmoja, sura mbili

Kwa muda mrefu palikuwa na kitendawili. Kati ya msimu mmoja na mwingine viwavi weusi hutoweka kabisa. Ukitafuta katika malisho waweza kupata kiwavi mmoja mmoja wa kijani au kahawia, mzito wa mwendo, aliyejificha chini kwenye shina la nyasi. Lakini huyo hafanani hata kidogo na yule mweusi wa jeshini. Mtu angeapa kwamba ni aina nyingine.

Mwaka 1943 mtaalamu wa wadudu wa Afrika Kusini, J. C. Faure, alitoa maelezo yaliyothibitisha kwamba wawili hao ni mdudu mmoja. Viwavi wakilelewa mmoja mmoja huwa na rangi ya kijani, kahawia au yenye wekundu kidogo, hupoa, na hukaa mafichoni. Ndugu zao waliotoka katika mayai ya mama yuleyule, wakilelewa kwa wingi katika chombo kimoja, hugeuka weusi kama mahameli wenye mistari ya njano, huchangamka, na hula hadharani juu ya majani hata wakati wa jua. Hali hizo mbili zaweza kuitwa hali ya upweke na hali ya mkusanyiko. Nzige wa jangwani naye ana mabadiliko ya namna hiyohiyo, ingawa nzige na nondo wako mbali sana katika ukoo wa wadudu.

Kinachomgeuza kiwavi si chakula, wala mvua, wala udongo. Ni kukutana na wenzake. Kuguswaguswa na viwavi wengine mara kwa mara katika hatua za kwanza za ukuaji ndiko kunakoamsha mabadiliko, nayo huonekana wazi baada ya kujivua ngozi mara moja au mbili. Weusi wenyewe hutokana na melanini, ile rangi iliyomo katika ngozi na nywele za binadamu pia. Mwili mweusi hunyonya joto la jua vizuri zaidi, na kiwavi mwenye joto hula na kukua upesi. Ndiyo sababu jeshi zima hukomaa karibu siku moja na kuingia ardhini karibu siku moja.

Lakini weusi huo una faida nyingine ambayo haikujulikana hadi mwishoni mwa karne ya 20. Mtu angedhani kwamba viwavi waliosongamana wangekuwa dhaifu mbele ya maradhi, kama ilivyo kwa kuku waliojazwa katika banda dogo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1998 na Andrew Reeson, Kenneth Wilson na wenzao yalionyesha kinyume chake: viwavi waliolelewa kwa wingi walistahimili virusi vinavyowaua kuliko waliolelewa peke yao. Ukifikiri, jambo hili lina maana. Kiwavi mpweke si rahisi kukutana na mgonjwa, kwa hiyo si lazima atumie nguvu zake kujenga kinga. Kiwavi wa jeshini yu katika hatari kila saa, na mguso uleule unaomwambia kwamba amezungukwa na wenzake ndio unaomwamrisha ajikinge. Melanini pamoja na vimeng'enya vinavyoitengeneza vinahusika katika ulinzi wa mwili wa mdudu. Rangi inayomtisha mkulima ni, kwa sehemu, silaha dhidi ya ugonjwa.

Neno "jeshi" lenyewe lafaa nusu tu. Viwavi hawa hawana kiongozi wala mahali wanapokusudia kufika. Hutembea pale chakula kinapokwisha mahali walipo, na kwa kuwa wamekomaa pamoja na wameishiwa pamoja, huondoka pamoja. Mahali penye nyasi za kutosha jeshi halitembei kabisa.

Safari za usiku

Limebaki swali la mwanzo: wanatoka wapi? Mdudu huyu hana usingizi wa muda mrefu unaomwezesha kungoja ardhini hadi mvua nyingine. Nyasi zikikauka, kizazi chake mahali hapo hufa au huhama.

Jibu lilianza kupatikana kwa mitego ya taa. Katika miaka ya 1960 Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika ya Mashariki, lililokuwa Muguga nchini Kenya, lilisambaza mitego hiyo katika Tanzania, Kenya na Uganda, na kila asubuhi nondo walioingia usiku walihesabiwa. Mwaka 1969 E. S. Brown, E. Betts na R. C. Rainey walichapisha uchunguzi uliolinganisha hesabu hizo na ramani za pepo. Ilionekana kwamba milipuko ya viwavi haitokei ovyo. Huufuata ule ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, ukanda uletao mvua na usogeao pamoja na majira ya mwaka.

Mpangilio wake kwa kawaida ni huu. Wakati wa kiangazi nondo wachache hubaki katika sehemu zenye manyunyu ya mara kwa mara, hasa ukanda wa pwani, wakizaa viwavi wa kijani wa hali ya upweke. Mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Januari, milipuko ya kwanza hutokea katika mashariki na kati ya Tanzania, na mara nyingine kusini-mashariki ya Kenya. Baada ya kizazi kimoja, kiasi cha wiki tano, nondo wa milipuko hiyo huruka na kuanzisha mingine mbele zaidi. Kusi inapoanza kuvuma kwa nguvu mnamo Aprili, njia ya kaskazini imefunguka: Kenya, Uganda, kisha Ethiopia na Somalia, na katika miaka mibaya hata kuvuka bahari hadi Yemeni. Upande wa kusini nao una mfululizo wake, Malawi, Zambia na Zimbabwe hadi Afrika Kusini. Nahodha wa jahazi angeitambua ramani hii mara moja, maana ni pepo zake.

Wapo waliokuwa na shaka. Nondo mwenye uzito wa sehemu ndogo ya gramu awezaje kuvuka nchi? Shaka hiyo iliondolewa nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. J. R. Riley na D. R. Reynolds walitumia rada kutazama nondo wakitoka katika eneo la mlipuko. Nondo aliyetoka ardhini usiku hupanda kwanza kwenye miti na kungoja mabawa yakakamae. Kisha huruka kwa wingi, hupanda mamia ya mita juu ya ardhi, na kujiachia kwenye upepo. Katika kazi nyingine ya miaka hiyo, nondo walitiwa rangi maalumu wakiwa katika eneo la mlipuko, na baadhi yao wakanaswa zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo baada ya usiku mmoja tu. Hesabu yake si ngumu: upepo wa kilomita 30 kwa saa, ukimbeba nondo kwa saa nne, humfikisha kilomita 120, mbali na nguvu ya mabawa yake mwenyewe.

Hata hivyo si kila nondo asafiriye. Wengine huruka dakika chache na kushuka. Mwaka 1985 W. E. Parker na A. G. Gatehouse walionyesha, kwa kuchagua na kuzalisha nondo vizazi kwa vizazi, kwamba mwelekeo wa kuruka muda mrefu hurithiwa kwa sehemu. Mfano huu wafaa kutumiwa na mwalimu wa somo la urithi aliyechoka na mbaazi za Mendel.

Kuna jambo moja zaidi, na hapa ndipo wazee wanapopata haki yao. Upepo humtawanya nondo. Kama ungefanya hivyo tu, mayai yangetawanyika, viwavi wangezaliwa wapweke, na kusingekuwa na jeshi. Lazima pawepo na kitu kinachowakusanya. Kitu hicho ni dhoruba ya mvua. Mvua kubwa inaponyesha, hewa baridi hushuka kutoka wingu na kuenea juu ya ardhi, ikigongana na upepo wa kawaida unaovuma kuelekea huko. Mahali pa kugongana, nondo waliokuwa wametawanyika katika anga pana husukumwa na kurundikana, kama takataka zinavyorundikana mikondo miwili ya mto inapokutana. Kisha mvua huwashusha. Wataalamu wa hali ya hewa na wa wadudu, miongoni mwao D. E. Pedgley, walifuatilia jambo hili katika Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1980. Nondo walioshuka hupandana, hutaga usiku mmoja au miwili baadaye, na kwa kuwa mvua ileile imechipusha nyasi changa zenye nitrojeni nyingi, vitoto huanguliwa mezani. Viwavi hawakuanguka na mvua. Mama zao ndio walioanguka nayo, siku chache kabla.

Kwa sababu hiyo mwaka wa hatari si lazima uwe mwaka wa mvua nyingi. Milipuko mikubwa mara nyingi hufuata ukame. Mvua za hapa na pale zinazotengana huwarundika nondo vizuri zaidi kuliko mvua ya mfululizo, jua la katikati huwakuza viwavi, na maadui wao huwa wamepungua kwa ukame.

Maadui wa jeshi

Mahali palipo na viwavijeshi ndege hufika kabla ya mabwana shamba. Korongo, wakiwamo weupe waliokuja kutoka Ulaya kukwepa baridi, pamoja na kunguru na ndege wengine wengi, hutembea katika malisho wakiokota. Wako nzi wanaotaga mayai juu ya kiwavi, na nyigu wadogo ambao watoto wao humla kutoka ndani.

Adui mkali kuliko wote haonekani kwa macho. Ni virusi vinavyomshambulia mdudu huyu. Kiwavi aliyeambukizwa hupanda juu ya ncha ya nyasi, hujishikiza kwa miguu ya nyuma na kuning'inia kichwa chini. Mwili wake hugeuka maji, ngozi hupasuka, na maji hayo yenye mamilioni ya chembe za virusi hudondokea majani ya chini yanayoliwa na wengine. Mwishoni mwa msimu ugonjwa huu waweza kufyeka karibu jeshi zima, lakini kwa kawaida huchelewa: shamba limekwisha liwa. Ndipo lilipozuka wazo la kuwahisha ugonjwa. Kati ya mwaka 1999 na 2005 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walijaribu kunyunyizia virusi hivyo, kutoka ardhini na kwa ndege, juu ya viwavi katika malisho ya kaskazini mwa Tanzania, na viwavi wakafa kwa wingi. Virusi hivyo havimdhuru mtu, ng'ombe wala nyuki. Kasoro yake ni kwamba huchukua siku kadhaa kuua, na jua kali huvidhoofisha, kwa hiyo lazima viwapate viwavi wakiwa wadogo. Yote yanarudi kwenye jambo lilelile la kujua mapema.

Na mapema haipatikani kwa kutazama mahindi, maana kiwavi anapoonekana zimebaki siku chache tu. Lazima ahesabiwe nondo. Utabiri wa viwavijeshi kwa Afrika ya Mashariki ulianza kutolewa Muguga mwaka 1969. Baada ya Jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka 1977 kazi hiyo ilishikwa na Shirika la Kupambana na Nzige wa Jangwani la Afrika ya Mashariki na na huduma za kila nchi, kwa upande wa Tanzania kituo cha Tengeru karibu na Arusha. Utabiri wa nchi nzima ulikuwa na manufaa, lakini taarifa yenye jina la mkoa haimsaidii sana mtu anayetaka kujua habari za kijiji chake, tena mara nyingi ilimfikia wakati vijiti vimekwisha simama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika wilaya ya Kilosa, ulianza mpango wa kuwakabidhi wanakijiji wenyewe mtego na kipimamvua. Mtego huo hautumii taa. Ni ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ambamo hutundikwa kipande kidogo kilicholoweshwa feromoni, yaani ile harufu anayoitoa jike usiku kumwita dume. Madume hufuata harufu, huingia, na kufa. Mtu aliyechaguliwa na kijiji huwahesabu kila asubuhi, hulinganisha na mvua iliyonyesha, na idadi ikipanda pamoja na mvua huwatangazia wenzake: katika wiki mbili zijazo kagueni nyasi zenu. Mpango huo ulienea baadaye katika wilaya nyingine na nchi jirani.

Kwa wafugaji hasara ina sura nyingine. Mbali na kupotea kwa malisho, ng'ombe wamewahi kufa baada ya kulishwa katika ukoka uliotafunwa na viwavijeshi. Vifo hivyo vimehusishwa na sianidi, sumu ambayo baadhi ya aina za ukoka huitoa zinapojeruhiwa. Mfugaji hushauriwa asirudishe mifugo mahali hapo mara moja, hata kama machipukizi mapya yanavutia.

Kutofautisha na mgeni

Tangu mwaka 2016 jina "viwavijeshi" limekuwa na utata. Mwaka huo aina nyingine, Spodoptera frugiperda, mwenyeji wa bara la Amerika, aligunduliwa katika Afrika ya Magharibi, na kufikia mwaka 2017 alikuwa amekwisha ingia Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa Kiswahili ameitwa kiwavijeshi vamizi. Wawili hao ni wa jenasi moja, lakini maisha yao ni tofauti. Mgeni hatembei kwa jeshi. Hukaa ndani ya moyo wa muhindi, akiacha vinyesi kama unga wa mbao, na akishafika mahali hubaki hapo msimu hadi msimu. Mwenyeji hula wazi, huja na kuondoka. Alama ya kuaminika ya kiwavi vamizi aliyekomaa ni madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mwisho wa mgongo. Kiwavijeshi wa asili hana mraba huo.

Kukosea jina kuna gharama. Mnamo Januari 2009 serikali ya Liberia ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya viwavi walioenea vijijini, na habari zilisema ni viwavijeshi. Walipochunguzwa walionekana kuwa Achaea catocaloides, nondo mwingine kabisa, ambaye viwavi wake hula majani ya miti na ambao vinyesi vyao vilichafua visima. Mwenyeji naye hajaondoka kwa kuwa mgeni amefika: mwaka 2022 majeshi yake yalionekana tena Kenya, Uganda na Ethiopia, na mkulima aliyedhani kwamba ni wale wa kwenye moyo wa muhindi alikuwa akichungulia mahali pasipo.

Shule iliyo katika eneo la mlipuko yaweza kurudia jaribio la Faure bila gharama. Litafutwe fungu moja la mayai juu ya nyasi, liwekwe katika chupa hadi lianguliwe. Vitoto ishirini viwekwe pamoja katika chupa moja, na vingine ishirini kila kimoja katika chupa yake, vyote vilishwe majani mabichi ya mahindi kila siku na kukaa mahali pamoja. Midomo ya chupa ifungwe kwa kitambaa cha chandarua. Kila asubuhi wanafunzi waandike rangi ya kila kiwavi na siku aliyojivua ngozi. Mnamo siku ya kumi chupa ya ishirini itakuwa imekwisha kuanza kuwa nyeusi. Wakisha ingia katika udongo na kuwa pupa, jaribio limekwisha, na udongo huo umwagiwe maji yanayochemka kabla nondo hawajatoka.